Somo: Supu nzito isiyo na ngano, kwa jiko la kawaida la Dar

Wifi yangu alipohamia kwetu Tabata alikuja na begi moja na sufuria yake. Nikanuna. Mgeni gani anakuja na sufuria, kana kwamba zangu hazioshwi? Jioni ndipo akanieleza: hospitali wamempima wakamkuta na ugonjwa wa siliaki, yaani mwili wake unapambana na gluteni. Gluteni ni ile protini inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Imo kwenye ngano, kwenye shayiri, na kwenye nafaka moja ya Ulaya inayopikiwa mikate myeusi, kwa Kiingereza "rye". Akila hata kidogo, kinga ya mwili inashambulia utando wa utumbo mwembamba, chakula hakifyonzwi sawasawa, anaharisha, damu inapungua, anakonda. Dawa ni kuacha, maisha yote. Na moto hausaidii: uchemshe, uoke, ukaange, gluteni ipo palepale.

Mawazo yangu ya kwanza yalikuwa ya hela. Nikaona vile vipakiti vya supermaketi vilivyoandikwa "gluten free", bei yake ukiisoma unarudisha taratibu rafuni. Kumbe nilikuwa nahangaika bure. Supu ya kongoro, ya mbuzi, ya utumbo, ya pweza, mtori: hakuna hata moja inayohitaji ngano. Ngano imeingia kwa mlango wa uani tu, na somo la leo zaidi ni kuufunga huo mlango, kisha kupata uzito wa supu kwa njia nyingine.

Hatua ya kwanza: kagua vilivyomo ndani

Anza na vidonge vya supu na viungo vya mchuzi vya pakiti. Vingine havina ngano, vingine vimekolezwa unga wa ngano ili mchuzi uwe mzito. Usiamini picha ya kuku iliyoko juu, geuza pakiti. Maneno ya kutafuta ni "wheat", "barley", "rye" na "malt". Ukikuta "starch" bila kutajwa ya nini, mimi naiacha dukani. Sosi ya soya nayo: soya haina shida, lakini ile ya kawaida huchachushwa pamoja na ngano. Soseji huongezewa unga mara nyingi. Unga wa lishe, ule wa uji wa watoto, wengi huchanganya na ngano. Atta ni ngano. Semolina ni ngano. Tambi ni ngano, isipokuwa zile za mchele.

Viungo nunua vizima: pilipili manga, bizari nyembamba, mdalasini. Twanga mwenyewe. Kilichokwisha kusagwa huwezi kujua kimeongezewa nini.

Hatua ya pili: unga, na mashine ya kusaga

Hapa ndipo nilipoumbuka. Nilinunua ulezi safi Tandale, nikaupembua, nikauosha, nikauanika juani siku nzima, nikaupeleka mashine moja ya mtaani. Nikarudi nyumbani kifua mbele. Supu ikapendeza, nzito, rangi ya chokoleti. Wifi akaugua siku tatu. Nilipokwenda kuuliza, kijana wa mashine akaniambia bila wasiwasi kwamba kabla yangu alisaga ngano ya mtu. Mabaki ya aliyetangulia yanabaki ndani ya mashine, na debe lako ndilo linaloyasafisha.

Kwa hiyo tafuta mashine isiyosaga ngano kabisa, hiyo ndiyo salama. Ukiikosa, kumbuka kwamba kikombe kimoja tu cha unga kinatosha kuzipa uzito sufuria kadhaa za supu. Hicho unaweza kusaga kwa blenda kavu nyumbani ukachekecha. Na sokoni angalia kipimo cha muuzaji. Akichota unga wa ngano kwa kopo lilelile analochotea unga wa dengu, mshukuru, endelea na safari.

Siku hizi unga nautumia kwa nadra. Ila ukiuhitaji, haya ndiyo niliyojifunza kwa kuunguza:

Unga wa mchele ni mpole kuliko wote, hauna ladha ya kujitokeza. Vijiko viwili vya mezani kwa lita moja ya supu, koroga kwanza kwenye maji baridi, mimina huku ukikoroga, dakika kumi. Sembe inataka dakika kumi na tano au zaidi, la sivyo utasikia ubichi kooni. Unga wa muhogo weka mwishoni na upunguze moto, ukichemka sana unavutika kama gundi. Ulezi unafaa supu ya nyama, si ya samaki. Karanga za kusaga ni tamu lakini zinatua chini na kuungua, usiondoke jikoni.

Hatua ya tatu: mifupa

Supu nyepesi watu huilaumu kwa kukosa unga, wakati tatizo ni haraka. Chukua kilo moja ya nyama ya mifupa, au kongoro lililobabuliwa na kukwanguliwa vizuri. Weka kwenye maji baridi, lita tatu, ndipo uwashe. Povu la kijivu linapopanda, engua. Kisha punguza moto: supu ichemke kwa kunong'ona, isipige kelele. Nyama ya mifupa saa mbili, kongoro saa tatu hadi nne. Kwa presha kuka ni kama dakika arobaini kwa nyama, saa moja kwa kongoro. Utajua imeiva vizuri ikipoa: mchuzi wa kongoro unaganda kama jeli. Huo ni uzito tayari, hujagusa kijiko cha unga.

Tangawizi, swaumu, kitunguu kizima na pilipili manga viingie nusu ya safari. Chumvi mwishoni, maana maji yanapungua na chumvi haipungui. Ndimu baada ya kuepua.

Hatua ya nne: mtori

Mtori ni wa Wachaga, na mimi si Mchaga, kwa hiyo wenye chakula chao mnisahihishe. Ila kwa mtu asiyekula ngano sijaona supu ya kuishinda: uzito wote ni ndizi.

Ndizi ziwe mshare, mbichi kabisa. Ukienda Mabibo waambie ni za mtori, watakuchagulia. Mara ya kwanza nilinunua chane mbili nikaziacha siku mbili jikoni, na joto la Dar mnalijua. Kwa nje zilikuwa kijani bado, ndani zimeanza utamu. Mume wangu akaonja, akauliza kwa adabu kama hii ni supu au uji.

Kwa watu sita chukua ndizi kumi na mbili hadi kumi na tano. Paka mafuta mikononi kwanza, utomvu wake hautoki kwenye kucha. Menya, tupia moja kwa moja kwenye maji yenye ndimu zisiwe nyeusi. Katakata, weka sufuriani na supu ya nyama iliyokwisha kuiva, kitunguu kimoja, karoti mbili na hoho. Nyama itoe pembeni kwanza. Chemsha dakika thelathini mpaka ndizi zipondeke kwa kidole. Hapo chukua kipekecho, pekecha. Blenda inaweza, lakini inaleta ulaini wa dukani. Mtori mzuri unaacha vipande vidogo vya kutafuna. Ukiwa mzito mno ongeza supu, si maji. Rudisha nyama, weka chumvi na kijiko cha siagi au maziwa nusu kikombe, acha dakika tano.

Ukilala kwenye friji utakuwa mgumu kama ugali. Usiogope, ongeza maji ya moto na uchemshe tena.

Ya samaki naisema kwa kifupi: kichwa cha changu au kolekole kutoka Feri, vipande vya muhogo vilivyochemshwa nusu, nyanya, embe bichi, kisha tui zito mwishoni bila kufunika. Dakika ishirini. Muhogo unaupa mchuzi uzito wenyewe. Nunua samaki mbichi, si wa kukaanga, kwa sababu baadhi ya wakaangaji huwapaka unga wa ngano wasishike kwenye kikaango.

MASWALI

Mama wa Kimara: *Dada, nina mwiko mmoja wa mbao, ndio wa ugali, ndio wa mboga, na nikikandia maandazi huwa nakorogea huohuo. Kuuosha kwa maji ya moto hakutoshi?*

Hautoshi, mama yangu. Mbao ina nyufa na unga unajificha humo. Nunua mwiko mwingine kwa ajili ya mgonjwa, ufunge uzi mwekundu kwenye mpini ili wageni wasikosee. Vivyo hivyo chujio na kibao. Sufuria ya chuma isiyo na mikwaruzo ukiisugua vizuri kwa sabuni haina neno. Ndiyo maana wifi alikuja na yake, na mimi nilinuna bure.

Kaka wa Sinza: *Naishi gheto, mtungi mdogo wa gesi, sina presha. Kuchemsha mifupa saa tatu ni kumaliza gesi ya mwezi. Nifanyeje?*

Achana na mifupa, pika choroko. Loweka usiku kikombe kimoja, asubuhi zinaiva kwa dakika arobaini hivi. Dakika ishirini za mwisho ongeza viazi viwili, ponda nusu ya sufuria kwa upawa, nusu iache. Kaanga kitunguu, swaumu na bizari pembeni, mwagia juu. Lakini kaka, zichague kwanza kwenye ungo. Kwenye nafaka za gunia punje za ngano hukutwa, na zinajulikana kwa ule mfereji wa katikati.

Dada wa Magomeni: *Urojo je? Nimeolewa na Mzanzibari, bila urojo nyumba haina amani.*

Pole, na hongera. Urojo wa kawaida unashikwa na unga wa ngano, lakini wa dengu unafanya kazi hiyo vizuri. Koroga vijiko vitatu kwenye maji baridi, chuja, mimina kwenye maji yaliyochemka na manjano na embe bichi, chemsha dakika ishirini harufu ya ubichi ipotee, malizia na ndimu. Bajia za kunde au dengu ni sawa, viazi sawa, chipsi za muhogo sawa. Kachori uliza zimechovywa unga gani. Na yote yakaangwe nyumbani, kwa sababu mafuta yaliyokaangia sambusa na maandazi tayari yana ngano.

Mama wa Ilala: *Ramadhani tunapika bokoboko. Mwanangu ana tatizo hilihili na analia akiona wenzake wanakula.*

Bokoboko ni ngano yenyewe, hapo hakuna kukwepa. Mpikie la mchele: mchele uliolowekwa, nyama isiyo na mfupa, mdalasini na maji mengi, moto mdogo mpaka vyote vilainike, kisha usonge kwa nguvu. Samli juu. Halivutiki kama la ngano, sitakudanganya, lakini ukimpakulia kwenye sahani zilezile za wenzake hataona tofauti kubwa. Na uji wake wa shayiri ubadilishe uwe wa mtama.

Kaka wa Mbagala: *Mimi tumbo linajaa gesi nikila chapati. Nimesoma somo lako, naacha ngano kuanzia leo.*

Usiache leo, kapime kwanza. Kipimo cha damu kinatafuta ishara za mwili kupigana na gluteni, na ukiacha ngano ishara hizo hupungua, utumbo nao huanza kupona, kipimo kinasema huna kitu wakati unacho. Daktari akishuku, atakupeleka kwenye kamera ya tumbo wachukue kinyama kidogo. Baada ya majibu ndipo uache. Na huenda shida yako si siliaki kabisa, matumbo yana mambo mengi.

Kuna jambo wifi alinisimulia. Aliyegundua kwamba ngano ndiyo mchawi alikuwa daktari wa watoto Mholanzi, Willem Karel Dicke. Aliishuku tangu miaka ya 1930, na njaa kali ya Uholanzi mwaka 1944 hadi 1945, mkate ulipoadimika, ikamtia nguvu. Mwaka 1950 akayaandika matokeo yake. Kabla ya hapo watoto wenye ugonjwa huu walikuwa wakilishwa hata ndizi kwa wingi kama tiba, na wakipata nafuu watu wanazisifu ndizi. Wachaga wangecheka.

Dada wa Ubungo: *Supu bila chapati naimezaje?*

Kwa vitumbua vya mchele, mkate wa kumimina, ndizi za kuchemsha, mihogo. Vitumbua pika mwenyewe, kuna wauzaji wanaoongeza ngano kidogo ili vishikane. Chapati ya unga wa mchele nimeijaribu mara nne na inanikatikia kila mara. Mwenye siri yake ailete hapa.

Kaka wa Buguruni: *Na supu ya asubuhi ya barabarani? Au ndiyo basi tena?*

Si basi. Uliza kabla hajachota: umeweka kidonge, umeweka unga? Wengi hawaweki, ni nyama, maji, chumvi na ndimu. Hatari iko kwenye mkono: anakatia chapati, anashika upawa, anakurushia kitunguu kwa vidole vilevile. Wifi anakwenda mapema kabla chapati hazijaanza kukatwa, na anabeba bakuli na kijiko chake. Mwanzoni muuzaji wetu alinuna kama nilivyonuna mimi. Sasa akimwona anavuka barabara, anausuuza upawa kwanza, hajaambiwa.