Ukienda kupiga CT mpya, beba na picha za zamani

Nimelijua hili wiki hii hapa Tanga, nikimsindikiza mamkubwa aliyemaliza mionzi ya pafu: majibu ya CT (picha za eksirei zinazoonyesha mwili kwa vipande) baada ya matibabu yasisomwe peke yake. Ombeni CD ya picha za mwanzo, si karatasi ya majibu tu, mkabidhi kabla ripoti mpya haijaandikwa, na daktari aandike kwenye fomu tarehe mionzi ilipoisha. Sehemu iliyopigwa mionzi huvimba kwa ndani, kisha hujenga kovu, na kwenye picha moja kovu na saratani vinaweza kufanana kama pacha. Mara nyingi muda ndio huvitenganisha: kovu hutulia au husinyaa, saratani huendelea kukua. Kivuli kwenye pafu la mamkubwa kilichotunyima usingizi, picha za zamani zilipowekwa kando, kilikuwa kilekile: milimita 14 wakati ule, 13 sasa. Tofauti ndogo hivyo huweza kuwa ya upimaji tu. Kwa RECIST 1.1, vigezo vya kimataifa vya kupima mabadiliko ya uvimbe wa saratani, uvimbe huhesabiwa umekua jumla ya vipimo ikiongezeka angalau asilimia 20 na angalau milimita 5.

Haisaidii sana ukilinganisha ultrasaundi na CT. PET nayo (picha inayoonyesha sehemu za mwili zinazotumia sukari nyingi) ikipigwa mapema huwaka hata palipovimba kwa mionzi tu, ndiyo maana mara nyingi husubiriwa wiki 12 hivi. Na pakizuka dalili mpya, mfano kukohoa damu au kukonda, achaneni na kulinganisha kwanza, mwoneni daktari siku hiyohiyo. CD iwekeni kwenye kasha gumu. Yetu ilichubuliwa na funguo mkobani, ikagoma kufunguka mara mbili.