Kabla hujafungua skrubu za mashine yako ya leza

Ukikaa na mashine ya kukatia kwa leza mwezi mmoja, mkono unaanza kuwasha. Unataka meza ya kupanda na kushuka, lenzi nyingine, bodi mpya ya kuendeshea mashine, bomba la leza lenye nguvu zaidi. Hakuna ubaya. Ila vya kukulinda vitangulie, vya kuongeza nguvu vifuate.

Kwanza ujue leza yako ni ya aina gani. Diodi ya buluu hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 450, na unauona. Bomba la glasi lenye gesi ya kaboni dioksidi hutoa mwale wa nanomita 10,600, na huo jicho haliuoni kabisa. Kifuniko cha akriliki angavu kinauzuia huo wa pili, lakini wa buluu unapita kana kwamba hakuna kitu. Kwa hiyo siku utakayofunga diodi kwenye mashine ya bomba ili kujaribu tu, kifuniko na miwani ya zamani havikufai tena. Soma namba za nanomita zilizoandikwa kwenye miwani; rangi ya kioo isikudanganye.

Swichi ya kifuniko, inayozima leza kifuniko kikifunguliwa, nayo usiiamini kwa kuwa ipo tu. Chomoa mashine ukutani, gusa ncha mbili za swichi kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme, ikiwa kwenye kipimo cha mlio, kisha fungua na ufunge kifuniko ukisikiliza mlio. Kama haipo, kuiweka ndiyo iwe kazi yako ya kwanza, na ikate mwale wenyewe badala ya kuiachia programu iamue.

Umeme ndio unaonitia hofu zaidi. Bomba dogo la wati 40 huwashwa kwa maelfu ya volti, na pawa saplai huweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Usipoizoea kazi hiyo, mwachie fundi wa umeme. Waya wa ethi unaweza kuupima mwenyewe, mashine ikiwa imechomolewa: kutoka pini ya ethi ya plagi hadi fremu ya chuma ya mashine, ukinzani uwe karibu na sifuri. Mimi nilikuta yangu haisomi chochote. Waya ulikuwepo na boliti imekazwa vizuri, kumbe chini yake kuna rangi. Nilikwangua hadi chuma kikang'aa, nikafunga upya, kipimo kikakaa sawa.

Maji ya kupoza bomba yawe yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri, si asidi yake, kwa kuwa ya mfereji yana chumvi zinazopitisha umeme. Angalia mapovu ndani ya bomba. Povu likiganda sehemu moja, glasi hapo hupata joto na kupasuka. Swichi ya mtiririko, inayozima leza pampu ikifa, ina faida kuliko wati kumi za ziada.

Moshi utoke nje ya nyumba, usizungushwe chumbani. Na plastiki usiyoijua isiingie. PVC ikichomwa hutoa gesi ya asidi ya haidrokloriki, inayounguza mapafu na kutia kutu reli zako. Ukiwa nje penye hewa, pasha waya wa shaba hadi uwe mwekundu, ugusishe kwenye plastiki, uurudishe motoni: mwali ukigeuka kijani, kuna klorini, tupa. Akriliki haina shida hiyo, ila inashika moto upesi, kwa hiyo mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi mwako, na usitoke chumbani hata kujibu simu.

Vyote vikiwa sawa, kata kwanza kipande cha plaiwudi cha milimita 3 kwa mashine ilivyo. Andika juu yake kasi, miliampia na tarehe, piga picha kila waya, ndipo ubadilishe kitu kimoja. Ukibadilisha lenzi na vioo siku moja, kisha mkato ukaja mpana, hutajua ulaumu kipi.