Ukisikia kuna kirusi kipya, uliza kwanza kinaambukizaje

Tangu korona ipite simu zetu hazijatulia, leo Marburg (homa kali, ndugu yake Ebola), kesho mpox (ule ugonjwa wa vipele), keshokutwa Ebola iko Uganda, na kila ikija moja watu wanashtuka kama vile 2020 imerudi, wengine wanakimbilia barakoa, wengine nyungu, wengine wanakatisha safari. Sishangai kabisa. Tulizika watu wetu na wengine hatukupata hata nafasi ya kuwauguza. Ila tatizo ninaloliona ni kwamba tunapambana na kila kirusi kana kwamba ni korona, wakati kila kimoja kina njia yake ya kumfikia mtu.

Kwa hiyo ikikufikia usiku voice note ya kutangaza kirusi kipya, angalia kwanza tarehe na mahali. Imetokea wapi, lini, nani katangaza? Ukiona ile alama ya mishale miwili ya WhatsApp ujue imeshapita mikono mingi na aliyeirekodi humjui. Kagera Marburg imetangazwa mara mbili, Machi 2023 kule Bukoba Vijijini na Januari 2025 kule Biharamulo, sasa sauti ya 2023 ikirudi leo bila tarehe unaweza kuhisi ni ya jana. Na taarifa za mwanzo hubadilika jamani. Ile Januari 2025 wizara ilianza kwa kusema vipimo havijaonyesha Marburg, halafu tarehe 20 Rais Samia akatangaza akiwa Dodoma kwamba mgonjwa mmoja kathibitika. Kwa hiyo usisome mara moja ukafunga, rudi kesho uangalie tena, au piga 199, ni namba ya Wizara ya Afya na haikati salio.

Halafu sasa uliza swali lenyewe, kinaambukizaje?

Marburg na Ebola hazisambai hewani kama korona. Zinapita kwenye majimaji ya mwili wa mgonjwa, yaani damu, matapishi, choo, mate, na mtu ambaye hajaanza kuumwa haambukizi. Ndo maana abiria aliyekaa kimya pembeni yako kwenye daladala sio wa kumkimbia, wanaokuwa hatarini zaidi ni wanaouguza na wanaoosha maiti. Rwanda mwaka 2024 waliugua watu 66 wakafa 15, na wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya, watu waliokuwa wanahudumia wagonjwa. Mpox yenyewe inapita zaidi kwa kugusana ngozi kwa ngozi, kujamiiana, kulalia shuka moja na mwenye vipele. Mafua na korona ndo za kukohoa na kupumuliana, huko barakoa na madirisha wazi vina maana kubwa.

Ukishajua hilo, matayarisho ya nyumbani yanakuwa madogo kuliko unavyodhani. Ndoo yenye koki, sabuni pembeni yake (nimeona ndoo nyingi sana hazina sabuni, maji peke yake hayatoshi), glovu boksi moja, na jiki. Kusafishia sakafu au kitanda kilichochafuka, kama jiki yako ni ya asilimia 3.5, na hilo soma kwenye lebo, changanya kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, changanya siku hiyo hiyo ya kutumia, usinawie wala usichanganye na dawa nyingine ya usafi.

Homa ikikupata usijifungie ndani kwa kuogopa kupelekwa karantini. Marburg inaanza kama malaria tu, homa, kichwa, kuishiwa nguvu, kwa hiyo nenda ukapime na umwambie mhudumu mapema kama umetoka sehemu yenye mlipuko au ulimuuguza mtu au ulikuwa msibani. Ukiwa eneo lenyewe la mlipuko, piga simu kwanza kabla ya kupanda bodaboda.

Msiba ndo mgumu kuliko yote. Kwetu maiti inaoshwa na watu wake, na kumwambia mtu asimguse mama yake ni maumivu makubwa. Lakini mwili wa aliyekufa kwa Marburg bado unaambukiza, tena sana. Usiguse, piga 199, na timu ikija ombeni shehe au padri asome dua akiwa kwa mbali na familia ione kaburi, hilo linawezekana na ni haki yenu kuliomba.

Na shangazi aliyekutumia ile voice note usimjibu "acha uongo". Anaogopa. Mwambie, "Shikamoo shangazi, nimeisikia, nimeangalia, imetokea mahali fulani, inaambukiza hivi, sisi huku tufanye hivi." Usimtumie picha za wagonjwa.

Mlipuko unatangazwa umeisha zikipita siku 42 bila mgonjwa mpya. Ule wa Bukoba uliisha 2 Juni 2023, wa Biharamulo 13 Machi 2025. Jirani aliyewekwa chini ya uangalizi kwa sababu alikuwa karibu na mgonjwa, akamaliza siku zake 21 na hana dalili, huyo yuko salama, mpe mkono, na kama anauza maandazi nenda ukanunue kama zamani.