Samaki wa mkondo kwa tangi lako, Bukavu

Usihangaike kuagiza wale samaki wembamba wa mitoni kutoka Asia. Vijito vya bonde la mto Ruzizi vina Chiloglanis, kambare mdogo mwenye mdomo wa kunyonya, anayegandama kwenye jiwe hata maji yakipiga vipi. Mtafute vijitoni, si Ruzizi penyewe. Kule kwenye korongo maji hayana mzaha. Tandaza kipande cha chandarua upande maji yanakoelekea, kisha geuza jiwe polepole, mkondo wenyewe utamsukuma ndani. Chukua wawili tu, asubuhi kungali baridi, na bidoni usiijaze: maji kidogo, hewa nyingi. Nyumbani pampu isizime. Umeme ukikatika (na utakatika), huyu hukosa hewa akafa kabla ngege (tilapia) hajashtuka.