Jinsi ya kufufua Toshiba ya zamani iliyoliwa na betri yake

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwalimu mmoja mstaafu wa Magomeni, ambaye barua na kumbukumbu zake zote zilikuwa ndani ya Toshiba Satellite Pro ya miaka ya 1990, yenye prosesa ya Pentium ya megahezi 120. Kompyuta hiyo ilikaa kabatini miaka mingi, na alipoitoa haikuwaka. Fundi wa kwanza alimwambia bodi imekufa. Bodi ilikuwa hai. Njia moja tu ya shaba, ule mstari mwembamba unaopitisha umeme kwenye bodi, ndiyo iliyokatika.

Hatua ya 1: Usiiwashe

Toa betri kubwa, na usijaribu chaja yoyote iliyo karibu. Laptopu nyingi za leo hutumia volti 19 au 20, ilhali Toshiba nyingi za wakati ule hutaka volti 15. Soma kibandiko cha chini, kisha pima chaja kwa mita ya umeme kabla ya kuichomeka.

Hatua ya 2: Ifungue

Tumia bisibisi ya mkono, kamwe usitumie ya umeme, kwa sababu plastiki ya umri huu hupasuka kwenye bawaba. Piga picha kila unapotoa skrubu.

Hatua ya 3: Nakili diski

Chomoa diski, iunganishe na kompyuta ya kisasa kwa adapta ya IDE (aina ya kiunganishi cha diski za zamani) ya pini 44, kisha unakili diski nzima, si mafaili peke yake. Hakikisha pini ya kwanza imekaa mahali pake, kwani ukiigeuza adapta unaweza kuiunguza diski. Fanya hivi kabla ya matengenezo yoyote: bodi hurekebishika, lakini barua za mtu zikipotea zimepotea.

Hatua ya 4: Betri ndogo za akiba na bodi

Hapa ndipo penye kazi. Ndani ya kompyuta hizi mna betri ndogo za nikeli za kutunza kumbukumbu, zilizofungwa kwa plastiki. Zikizeeka huvuja potasiamu haidroksaidi, nayo hutambaa chini ya rangi ya kijani ya bodi na kuila shaba polepole. Zikate, uzitoe zote, hata ile inayoonekana safi.

Kwa kuwa kilichovuja ni alkali, kisafishe kwa siki nyeupe na mswaki laini. Wengi hukimbilia magadi ya kupikia, lakini hayo yanafaa kwa asidi ya betri za gari, na hapa hayasaidii kitu. Baada ya siki, suuza kwa maji yaliyokenekwa, yale ya kujazia betri za gari yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta. Kuwa mwangalifu sana usipewe asidi, ambayo huuzwa papo hapo. Maji ya kisima usiyaguse, kwani visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi. Malizia kwa spiriti ya isopropili, inayopatikana kwenye maduka ya vipuri vya simu Kariakoo, kisha iache bodi mbele ya feni usiku na mchana, maana hewa yetu ya pwani haikaushi haraka.

Sasa pima njia za shaba moja baada ya nyingine. Kosa lililonila Jumamosi nzima ni hili: nilikuwa nikiibonyeza ncha ya mita juu ya mguu wa chipu, mguu uliolegea ukawa unashuka na kugusa shaba, mita ikalia, nami nikaamini njia ni nzima. Nilipoinua mkono, ilikuwa imekatika tena. Kwa hiyo gusa bila kukandamiza, na usitegemee mlio pekee, kwa sababu mita nyingi hulia hata pakiwa na omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 20 au 30. Soma namba: njia fupi iliyo nzima husomeka chini ya omu 1. Vipime pia vile vitundu vinavyopitisha njia kutoka upande mmoja wa bodi hadi mwingine, kwani huoza kwa ndani huku juu vikionekana salama.

Nilipokuna rangi kwa ncha ya wembe chini ya kioo cha kukuzia, shaba ilikuwa nyeusi tii kwa urefu wa punje ya mchele, na katikati palikuwa na pengo jembamba kama unywele. Endelea kukuna mpaka shaba ing'ae, kwa sababu risasi ya kulehemu haishiki juu ya kutu hata ukiichoma vipi. Weka flaksi, ile dawa ya kusaidia risasi ishike, paka risasi, kisha unganisha pande mbili kwa uzi mmoja wa waya wa koili ulioondolewa rangi kwenye ncha. Mimi hutumia risasi ya 60/40 (bati 60, risasi 40), kwani huyeyuka kwa joto dogo na haibandui shaba iliyochoka. Bunduki ya hewa moto iweke mbali kabisa na bodi hizi.

Hatua ya 5: Kurudishia

Mahali pa diski ya zamani weka kadi ya kumbukumbu ya CF (CompactFlash) yenye adapta ya pini 44. Ukitumia MS-DOS 6.22, mfumo endeshi wa zamani, mgawanyo mmoja wa diski hauzidi gigabaiti 2, hivyo kadi kubwa zaidi itabidi uigawe. Unapoiwasha shikilia Esc, na ukiombwa bonyeza F1, utaingia kwenye mipangilio. Panga tarehe na saa hapo. Bila betri za akiba vitapotea kila ukiizima, na mwalimu amekubali kuvipanga upya kila mara kuliko kurudisha betri nyingine ndani.