Matembele ya mawese kwa nyumba iliyo karantini

Nyumba ikiingia karantini, mboga ndiyo inayotangulia kuisha. Unga wa muhogo hukaa, dagaa wakavu hukaa, mawese kwenye dumu hukaa; majani hayamalizi siku mbili kwenye joto la Kigoma. Kwa hiyo tunayapendekeza matembele, yaani majani ya viazi vitamu, kuliko mboga nyingine yoyote ya majani: marando (mashina yake yanayotambaa) yakiwa uani, unachuma kiasi cha mlo huo tu, bila kwenda sokoni Mwanga wala kumtuma mtoto Kibirizi. Hapa tunapika ya watu sita, ya kusindikiza ugali wa muhogo na mgebuka (samaki wa Ziwa Tanganyika), kisha tunaeleza namna ya kuipakua pale mmoja wenu anapokuwa ametengwa chumbani.

Siku za kutengwa hutegemea ugonjwa. Kwa korona mwaka 2020 zilikuwa 14. Marburg ilipozuka Kagera mwaka 2023, waliokutana na wagonjwa walifuatiliwa kwa siku 21. Marando yaliyopandwa siku ya kwanza ya karantini hayatawapa mboga kabla haijaisha, maana yanahitaji wiki tano au sita. Yapandwe mapema basi, hata kama hakuna ugonjwa wowote unaosikika. Kata vipande vya sentimita 30 hivi, fukia theluthi mbili ya kila kipande kwenye tuta au kwenye gunia la udongo wenye samadi, mwagilia jioni. Unapochuma, chukua ncha na majani manne au matano yanayoifuata, uliache shina. Ukilikwangua lote, shina hudumaa.

Andaa mafungu makubwa manne ya matembele (kama kilo moja kabla ya kuyachambua), mawese vijiko vinne vya chakula, kitunguu kimoja kikubwa, nyanya tatu zilizoiva, nyanya chungu tano, maji nusu kikombe, chumvi kijiko kimoja cha chai kisichojaa, na ndimu nusu. Ukitaka ya karanga, weka nusu kikombe cha karanga zilizosagwa na upunguze mawese yawe vijiko viwili; karanga zina mafuta yake, na bila kupunguza utaona mafuta yameelea juu.

Kuchambua ndiko kunakochukua muda, na ndiyo kazi nzuri ya kuwapa watoto waliokosa shule. Mwaka 2020 shule zilifungwa kuanzia Machi 17 hadi Juni 29, na nyumba nyingi zilijikuta na watoto mchana kutwa. Mtoto wa miaka sita akishanawa anaweza: avunje kikonyo kwa ncha ya kidole, avute ngozi yake ya nje itoke kama uzi, aendelee hadi kwenye jani. Kikonyo kisichovunjika kwa urahisi kimekomaa, kitupwe. Ngozi ikiachwa, mboga itakuwa na nyuzi hata uipike saa nzima.

Osha majani yakiwa mazima, kabla ya kukata, katika maji matatu. Yainue majani kutoka kwenye beseni badala ya kumwaga maji, kwa sababu mchanga umetuama chini na ukimwaga unaurudisha juu ya mboga. Usitumie sabuni wala dawa ya kuua vijidudu. Wakati wa korona wengine walifanya hivyo kwa hofu, lakini majani hunyonya sabuni, na sabuni ikiliwa huumiza tumbo. Maji safi yanatosha, kwa kuwa mboga hii inapikwa. Baada ya kuosha, yatandaze kwenye ungo juani kwa nusu saa yanyauke kidogo. Hatua hii wengi huiruka, kumbe ndiyo inayopunguza utelezi. Kisha kata vipande vya upana wa vidole viwili.

Sasa mawese. Yakiwa yameganda, weka chupa kwenye maji ya moto, usiichokonoe kwa kijiko chenye maji. Mimina kwenye sufuria, moto mdogo. Yakirukaruka na kulia, yana maji ndani. Subiri yatulie kabla ya kutia kitunguu. Wako wanaoyachoma mpaka yatoe moshi na kupauka, ili kuua harufu. Hapo unaua kitu kikubwa zaidi: ule wekundu ndio karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na moto mkali unaiharibu. Mafuta yaliyoungua huacha pia uchungu ambao ndimu haiuondoi.

Kaanga kitunguu dakika tatu. Tia nyanya, kaanga dakika tano hadi ziyeyuke na mafuta yajitenge pembeni. Zikiwa bado na vipande, mboga itakuwa na maji. Weka nyanya chungu ulizokata mara nne na nusu kikombe cha maji, funika dakika saba. Chagua za kijani au nyeupe. Zilizoanza kugeuka njano au nyekundu zina mbegu ngumu na uchungu mwingi. Fungua kifuniko, ongeza moto, tia majani kwa awamu mbili ukigeuza. Tangu hapo usifunike tena. Ukifunika, majani hugeuka rangi ya kahawia. Dakika sita zinatosha. Chumvi ije mwisho, majani yakishanywea, la sivyo utakadiria kwa macho ya sufuria iliyojaa na mboga itakuwa chumvi tupu. Karanga zikorogwe kwanza kwa maji ya vuguvugu, ziingie dakika tano za mwisho kwa moto mdogo, na usiache kukoroga kwani hushika chini. Ndimu ikamuliwe baada ya kuepua.

Magadi hatuyashauri kabisa. Hulainisha, ndiyo, lakini huteketeza vitamini C na kuyafanya matembele yavutike kama mlenda.

Anayeonja awe mzima. Korona huweza kuondoa harufu na ladha, na mpishi asiyesikia ladha huongeza chumvi hadi wenzake washindwe kula. Mwenye mafua, homa au kuhara asiingie jikoni, hata kama ndiye mpishi hodari wa nyumba.

Kwenye kupakua, pakua kwanza ya aliyetengwa, mboga ikiwa bado na moshi na mwiko haujaguswa na mwingine. Awe na sahani, kikombe na kijiko chake. Chakula kiwekwe kwenye kigoda mlangoni, mpelekaji abishe hodi, arudi nyuma, ndipo mwenyewe afungue. Mpelekaji awe mtu mmoja siku zote, si kila anayepita. Vyombo hivyo vioshwe mwisho kwa sabuni na maji ya moto, vikaushwe kichanjani juani, na aliyeosha anawe kwa sekunde 20. Kama ni ugonjwa wa kuhara, choo nacho kitengwe ikiwezekana, na simu ya 199 ya Wizara ya Afya haina malipo.

Waliobaki, kula sinia moja kusimame kwa muda, kila mtu na sahani yake. Hapa ndipo nyumba huumia. Bibi aliyezoea kula na wajukuu aelezwe mapema na mwanawe, kwa heshima, kabla chakula hakijatengwa, asije akadhani amekataliwa. Wote waendelee kukaa mkeka mmoja wenye nafasi, nje chini ya mwembe kama upo. Hewa ya wazi ni salama kuliko sebule iliyofungwa.

Pika ya mlo mmoja. Matembele ya mchana yanaweza kuliwa usiku yakichemshwa tena hadi yatokote, ila yenye karanga huchacha haraka, na bila friji yasikae zaidi ya muda wa saa mbili. Yakianza povu au harufu ya uchachu, yamwage hata kama ni mengi, kwa sababu sumu nyingine zinazoachwa na vijidudu haziondoki kwa kupasha moto.