Jinsi ya kuomba mahakama ikatae swali: mwongozo kwa wanafunzi wa kesi za maigizo Uganda

Pingamizi ni ombi kwa jaji. Wanafunzi wengi huligeuza ugomvi na wakili wa upande wa pili, wakamfokea na kumnyooshea kidole, na hapo ndipo alama zinapopotea. Anayeamua ni jaji, basi maneno yako na macho yako viende kwake.

Jua kwanza kesi imefika wapi. Katika Mahakama Kuu ya Uganda mshtakiwa husomewa shtaka na kulijibu. Akikana, upande wa mashtaka huleta mashahidi, kisha jaji huamua kama mshtakiwa ana kesi ya kujibu. Ikiwa anayo, anaweza kujitetea kwa kiapo, kujieleza bila kiapo au kunyamaza. Juri hakuna: jaji hukaa na wazee wa baraza, yaani raia wanaomshauri, na maoni yao hayamfungi.

Kila shahidi naye ana awamu zake tatu. Huhojiwa na upande uliomleta, hudodoswa na wapinzani, kisha upande wake humhoji upya ili afafanue yaliyojitokeza kwenye dodoso. Swali lililokatazwa katika awamu ya kwanza laweza kuwa halali katika ya pili.

Tafuta sababu ya kisheria. Jitahidini kuzijua mbili hizi vizuri kabla ya nyingine zote.

Ya kwanza ni swali elekezi, yaani linalomtilia shahidi jibu mdomoni. Tuseme ni kesi ya wizi wa pikipiki huko Gulu, na mwendesha mashtaka anamuuliza shahidi wake: "Ulimwona mshtakiwa akiisukuma pikipiki usiku ule, sivyo?" Simama. Alipaswa kuuliza: "Usiku ule uliona nini?" Lakini akisema tu, "Wewe ni fundi wa pikipiki, sivyo?" na hakuna anayebisha hilo, mwache, mahakama huruhusu maswali elekezi kwa mambo ya utangulizi na yasiyobishaniwa. Kwenye dodoso yanaruhusiwa kabisa, kwa hiyo usipinge.

Ya pili ni ushahidi wa kuambiwa. Sheria ya Ushahidi ya Uganda inataka kilichoonwa kielezwe na yule aliyekiona. Shahidi akisema, "Jirani aliniambia alimwona mshtakiwa," na lengo likiwa kuthibitisha kwamba mshtakiwa alikuwepo, pinga: jirani aje mwenyewe adodoswe. Hapa ndipo penye utamu wa somo hili, kwa sababu maneno yaleyale yakiletwa tu kueleza kwa nini shahidi alitoka nje na tochi, yanakubalika. Kwa hiyo kila mara jiulize: maneno haya yameletwa kuthibitisha nini? Kumbuka pia kwamba kauli ya marehemu kuhusu kilichosababisha kifo chake inaweza kupokelewa.

Simama kabla shahidi hajajibu. Sema, "Mheshimiwa Jaji, napinga swali hilo. Ni swali elekezi kwa shahidi wake mwenyewe." Sentensi mbili zinatosha. Jibu likikuwahi, omba lisizingatiwe.

Kaa, mwache wakili wa upande wa pili ajibu. Mawakili wawili hawasimami kubishana kwa pamoja. Jaji akitoa uamuzi, ukubali kwa "Nashukuru, Mheshimiwa," hata kama umeshindwa, na usilirudishe pingamizi lako kwa mlango wa nyuma.

Jihadharini na miongozo ya Marekani. Huko wanafunzi hufundishwa kupinga dodoso linalotoka nje ya yale shahidi aliyoyasema awali. Sheria yetu haina kizuizi hicho: dodoso linaweza kwenda nje ya ushahidi wa awali mradi lihusu mambo yenye uzito katika kesi. Mipaka iko kwenye kuhoji upya, ambako jambo jipya huhitaji ruhusa ya mahakama, na likiruhusiwa mpinzani anaweza kumdodosa shahidi juu yake.

Fanyeni mazoezi kwa Kiswahili mpaka hoja ikae kichwani, kisha kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya mahakama zetu. Na mshtakiwa wenu akiwa haelewi Kiingereza, mwekeeni mkalimani hata kwenye maigizo. Ibara ya 28 ya Katiba ya 1995 inampa haki hiyo bila malipo, na wakili wa utetezi anapaswa kuiomba kabla shtaka halijasomwa.